Benni McCarthy: kutoka straika hadi kocha, na kwa nini klabu zetu za Dar zinahitaji kocha wa washambuliaji

#1 (mleta uzi)

Wakuu, kwema?

Tangu CHAN ya Agosti 2025 (mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani) iishe, jina la Benni McCarthy linatajwa sana vijiweni, ila wengi wanamjua nusu nusu. Wapo wanaomjua kama kocha wa Harambee Stars ya Kenya aliyeifunga Morocco pale Kasarani. Wa rika letu tunamkumbuka na jezi ya Porto. Naandika kwa sababu ya safari iliyo katikati ya hizo nusu mbili. Ndani yake kuna jambo ambalo klabu zetu za hapa Dar zimelifumbia macho miaka nenda rudi: kufunga magoli kunafundishika, na wa kukufundisha ni yule aliyekula maisha yake ndani ya boksi.

Tuanze alikotoka. Kazaliwa Cape Town tarehe 12 Novemba 1977, kakulia Hanover Park, moja ya mitaa ya Cape Flats inayojulikana kwa magenge. Akaanzia Seven Stars, na 1997 Ajax ya Amsterdam ikamchukua. Mwaka uliofuata Afrika nzima ikamjua. AFCON 1998 kule Burkina Faso, akiwa na miaka 20, aliwapiga Namibia magoli manne katika mechi moja. Akamaliza na saba, sawa na Hossam Hassan wa Misri, na akatangazwa mchezaji bora wa mashindano ingawa Bafana, timu ya taifa ya Afrika Kusini, walilala 2-0 kwa Misri kwenye fainali. Juni mwaka huohuo, kule Ufaransa, akafunga goli la kwanza la Afrika Kusini katika historia ya Kombe la Dunia, dhidi ya Denmark, golini yupo Peter Schmeichel.

Kutoka Ajax akaenda Celta Vigo mwaka 1999, na huko mambo yakawa magumu, benchi likawa lake. Januari 2002 José Mourinho, ambaye naye ndiyo kwanza amefika Porto, akamchukua kwa mkopo. Mechi 11 za ligi, magoli 12. Porto hawakuwa na pesa ya kumbakisha, akarudi Hispania, kisha 2003 wakamnunua jumla. Msimu wa 2003/04 akafunga magoli 20 na kuwa mfungaji bora wa ligi ya Ureno.

Sasa nendeni mkaitafute mechi ya tarehe 25 Februari 2004, Porto na Manchester United. United wanatangulia kupitia Quinton Fortune, Msauzi mwenzake. Benni anasawazisha. Halafu dakika ya 78, krosi inatoka kushoto. Usiangalie mpira, mwangalie yeye. Hasimami na beki. Anajirudisha nyuma kidogo, beki anamsahau, kisha anaingia kwa kasi na kuruka wakati beki bado ameganda chini. Kichwa kinaenda pembe ya juu, Tim Howard anabaki kuusindikiza kwa macho. 2-1. Marudiano Old Trafford, dakika ya 90, faulo ni ya Benni, Howard anatema, Costinha anamalizia. Mei Porto wakawa mabingwa wa Ulaya kwa kuichapa Monaco 3-0.

Kile cha kujirudisha nyuma kabla ya kuingia, kikumbukeni. Nitakirudia.

Blackburn nayo nisiiache. Msimu wake wa kwanza England, 2006/07, magoli 18 ya ligi. Aliyemzidi ni mmoja tu, Didier Drogba, mwenye 20.

Naendelea baadaye, michango inakaribishwa.

#2

Mkuu uzi umetulia, hongera. Ila mbona umeishia Blackburn? West Ham umeiruka kimakusudi au? Maana kule jamaa alinenepa, hakufunga hata goli moja, wakamlipa aondoke. Tukisifia tusifie kote.

#3 (mleta uzi)

Sijaikwepa mkuu, nilikuwa naifuata, na kwangu hapo ndipo penye uzito.

Alitua West Ham dirisha la Januari 2010. Majeraha, uzito, hakuna goli, na Aprili 2011 wakavunja mkataba. Mmoja wa viongozi wa klabu akamwandika vibaya hadharani kuhusu mwili wake. Katikati ya hayo likaja jingine lililouma zaidi: Kombe la Dunia 2010 linachezwa nyumbani kwao, yeye ndiye mfungaji bora wa muda wote wa Bafana, magoli 31, na Carlos Alberto Parreira anamwacha nje ya kikosi. Aliyefunga goli la kwanza la nchi yake katika Kombe la Dunia akaangalia Kombe la Dunia la kwanza la Afrika akiwa nje.

Wachezaji wangapi tunawajua hapa mjini ambao wakishafika hapo ndiyo basi? Anapotea mtaani, tunakuja kumsikia anaumwa na tunachangishana. Benni alirudi nyumbani, akajiunga na Orlando Pirates mwaka 2011, akapunguza mwili, akafunga, na Pirates wakabeba mataji matatu msimu ule, ubingwa wa ligi ukiwemo. Akatundika daluga 2013 kwa heshima yake.

Baada ya hapo hakungoja kuitwa kwa sababu ya jina. Akaingia darasani kutafuta leseni za UEFA, kisha akaenda Ubelgiji kuwa msaidizi Sint-Truiden. Bingwa wa Ulaya anapanga koni uwanjani katika timu ndogo ya Ubelgiji! Hiki ndicho kipande cha maisha yake ninachokiheshimu kuliko lile kombe la 2004.

#4

Mleta mada, mimi ni shabiki wa United, nina swali la dhati. Unasema kufunga kunafundishika. Benni alikuwa pale Carrington, uwanja wetu wa mazoezi, misimu miwili, 2022 hadi 2024, kazi yake ni washambuliaji. Msimu wa kwanza tulifunga magoli 58 ya ligi, wa pili 57. Wa pili tukamaliza nafasi ya nane. Sasa alifundisha nini?

#5 (mleta uzi)

Swali zuri mkuu. Nianze na alichokifanya kabla ya United, ndipo nifike huko.

Juni 2017 alipewa Cape Town City, kazi yake ya kwanza kama kocha mkuu. 2018 akachukua kombe la MTN8 la Afrika Kusini kwa matuta mbele ya SuperSport United. Novemba 2019, matokeo yakiwa yamekauka, akafukuzwa. Desemba 2020 akachukua AmaZulu ya Durban. Hii ni klabu ya tangu 1932, ya watu, yenye mashabiki wa kurithishana, lakini kwa miaka mingi ilikuwa inapigania kutoshuka daraja. Msimu uleule wakamaliza nafasi ya pili nyuma ya Mamelodi Sundowns na kupata tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mara ya kwanza. Benni akawa kocha bora wa msimu. Kwenye hiyo Ligi ya Mabingwa wakaitoa TP Mazembe na kuingia makundi. Fikiria wewe, Mazembe! Sisi tunaoijua Mazembe kupitia Samatta na Ulimwengu tunaelewa uzito wake. Machi 2022 naye akaachishwa. Kocha ni mtu wa kufukuzwa, hilo tulikubali.

Sasa United. Uko sahihi kwa namba za timu. Ila mtazame Marcus Rashford. Msimu wa 2021/22 alifunga matano mashindano yote. Benni akaja, msimu wa 2022/23 akafunga 30. Sisemi ni kazi ya Benni peke yake, kocha mkuu Ten Hag alikuwepo, na kijana mwenyewe alikuwa na njaa. Msimu uliofuata Rashford akashuka tena hadi nane. Kwa hiyo kocha wa washambuliaji hawezi kuibeba timu ambayo kiungo kimekufa na beki kila wiki ni mpya. Akipata mtu aliye tayari, katika timu inayofikisha mpira mbele, anamwongezea kitu. Mimi namdai hicho tu.

Halafu kuna kijana mwingine ambaye hapa Afrika Mashariki tulimwona kwa macho yetu. Ryan Ogam.

Benni alipewa Harambee Stars Machi 2025. CHAN ni ya wachezaji wa ligi za ndani, kwa hiyo alikuwa na vijana ambao wengi hatukuwajua. Kundi lao lilikuwa la kifo: Morocco, DR Congo, Angola, Zambia. Wakaongoza kundi bila kufungwa. DR Congo 1-0, Angola 1-1, Morocco 1-0, Zambia 1-0. Magoli ya Morocco na Zambia yote ni ya Ogam. Ile ya Morocco walicheza kipindi cha pili chote wakiwa kumi baada ya Chrisphine Erambo kuonyeshwa nyekundu kabla ya mapumziko. Na Morocco haohao ndio waliokuja hapa Kwa Mkapa kututoa robo fainali 1-0, wakaenda kuchukua kombe. Katika mashindano yote aliyewashinda ni Kenya tu. Baada ya hapo Ogam akapata timu Austria.

#6

Nikiongezea kwa vijana humu, msidhani straika kuwa kocha ni jambo la Sauzi na Ulaya. Hapa kwetu tulikuwa naye. Abdallah Kibadeni, King. Julai 19, 1977 Simba ilimpiga Yanga sita bila, matatu yake. Tangu siku hiyo hajatokea mwingine aliyepiga matatu katika mechi ya watani kwenye ligi. Hata ile 5-1 ya Yanga ya Novemba 2023, hakuna aliyefikisha matatu.

Na ndiye aliyekuwa kocha Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF 1993. Tulitoka sare tasa na Stella kule Abidjan, watu tukaamini kombe linabaki Dar. Wakaja Uwanja wa Taifa, huu wa zamani tunaouita Uhuru, wakatupiga mbili. Jiji lilinyamaza siku ile. Lakini aliyetufikisha pale ni mzawa, straika, mtoto wa hapahapa. Baadaye akawa na kituo cha vijana Chanika.

Mleta mada usimwache huyu mzee kwenye uzi wako.

#7 (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu, na asante sana. Siwezi kumwacha King. Nilikuwa nahofia kumwandika kwa pupa, yeye anastahili uzi wake mwenyewe, tena uandikwe na mtu kama wewe uliyekuwepo. Hilo la 1993 ndilo nililotaka mtu mzima alitaje, maana vijana wengi wanadhani makocha wazawa ni wa kushikilia timu mzungu akifukuzwa.

#8

Naona mnampamba Benni kupita kiasi. Kenya ileile ilifungwa 3-1 na Gambia nyumbani Septemba, safari ya Kombe la Dunia ikaishia hapo. Novemba Senegal wakawapiga NANE bila kule Uturuki. Nane! Na hiyo robo fainali ya CHAN unayoisifia walitolewa kwa matuta na Madagascar, Kasarani imejaa. Sisi Madagascar tulimpiga 2-1 hapa kwenye makundi. Hemed Suleiman 'Morocco', kocha wetu wa Taifa Stars kwenye ile CHAN, mbona hamumwandikii uzi?

#9 (mleta uzi)

Mkuu, yote uliyoandika ni kweli na siyafichi. Nane bila ni aibu kwa kocha yeyote, iwe mechi ya kirafiki au ya nini. Benni kama kocha mkuu bado ana mengi ya kuthibitisha, hasa timu ikikutana na wakubwa wenye mbio. Hemed Suleiman naye alifanya kazi kubwa. Kutufikisha robo fainali tukiwa hatujapoteza mechi ya kundi si jambo dogo.

Lakini umenipeleka pale nilipotaka kufika. Tuhesabu magoli ya Taifa Stars kwenye ile CHAN. Mechi tano, magoli matano. Burkina Faso mawili: penalti ya Sopu na goli la Mohamed Hussein, beki wa kushoto. Mauritania moja: Shomari Kapombe, beki wa kulia, dakika za mwisho. Madagascar mawili ya Clement Mzize. Afrika ya Kati bila. Morocco bila. Yaani ukimtoa Mzize kwenye mechi moja, hakuna straika wetu aliyefunga katika mchezo wa wazi. Mabeki wa pembeni ndio waliotubeba.

Twende kwenye ligi. Wafungaji bora tangu 2017/18 hadi 2024/25: Okwi 20, Kagere 23, Kagere tena 22, Bocco 16, Mpole 17, kisha Mayele na Ntibazonkiza 17 kila mmoja, Aziz Ki 21, Ahoua 16. Misimu minane, wazawa wawili, John Bocco na George Mpole. Na hao wawili wa mwisho, Aziz Ki na Ahoua, hata si washambuliaji wa kati, ni viungo.

Watu husema tatizo ni wageni wanabana nafasi. Lipo, silikatai. Ila nenda mazoezini uone kingine. Klabu yetu ya kawaida ina kocha mkuu, msaidizi, kocha wa viungo na kocha wa makipa. Kipa ana mtu wake, anamtoa pembeni saa nzima anampigia mipira ya juu, ya chini, anamrekebisha mikono. Straika nani anamtoa pembeni? Anaambiwa "tulia ukifika golini". Basi. Kutulia kwenyewe kukoje, hakuna anayemwonyesha.

Kuna uwanja mmoja wa vumbi upande wa Temeke ninaopita jioni. Pale kuna mzee aliyewahi kucheza ligi miaka ya tisini, simtaji jina kwa kuwa hajanituma. Anafundisha vijana kwa hiari yake. Siku moja alikuwa na dogo wa kama miaka 15, ana mbio balaa, lakini kila krosi anafika mapema, mpira unapita nyuma yake. Mzee hakumfokea. Akachukua kandambili zake mbili, moja akaiweka usawa wa nguzo ya karibu, nyingine usawa wa alama ya penalti. Akamwambia, "Wewe unaanzia hii ya nyuma. Winga akiinamisha kichwa kupiga, ndipo unatoka. Kabla hajainama husogei, hata roho ikuume." Dogo akakosa. Akakosa tena. Mzee akasimama nyuma yake, akamshika fulana, akamzuia hadi winga alipoinama, akamwachia. Mpira na dogo wakakutana palepale mbele ya nguzo. Goli. Wenzake wakashangilia kama fainali.

Hicho ndicho alichokifanya Benni kwenye kile kichwa cha 2004. Kujirudisha, kungoja, kuingia kwa kuchelewa. Mzee wa Temeke anakijua, na anakifundisha akiwa peku, wakati klabu kubwa umbali wa daladala mbili zinamwaga mamilioni kutafuta straika nje ya nchi kila dirisha.

#10

Hoja nzuri ila mkuu tuwe wakweli, huyo mzee hana leseni. Kanuni za ligi zinataka leseni ili ukae benchi. Kozi ni pesa, na nyingi zinaendeshwa kwa masomo yanayohitaji kusoma na kuandika ripoti. Wachezaji wetu wengi wa zamani waliacha shule mapema kwa ajili ya mpira. Klabu zitafanyaje?

#11 (mleta uzi)

Kweli kabisa, ndiyo maana sikusema apewe ukocha mkuu kesho. Mwalimu wa kumalizia si lazima akae benchi siku ya mechi. Anahitaji nusu saa baada ya mazoezi, mara mbili au tatu kwa wiki, na washambuliaji wa timu ya vijana na ya wakubwa mikononi mwake. Alipwe posho inayoeleweka, si nauli. Akionyesha uwezo, klabu imlipie kozi za ngazi ya chini na apande taratibu kama wengine. Benni mwenyewe hakuanzia United, alipita darasani na Sint-Truiden.

Na kuna wanaokuja nyuma. Samatta hatacheza milele. Yule mtu alichukua Ligi ya Mabingwa Afrika na Mazembe 2015, akawa bingwa wa Ubelgiji na Genk 2019, akafunga Anfield, akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, Machi 1, 2020, kwa kichwa cha kuruka. Kichwani mwake kuna mafaili ambayo hakuna kozi yoyote itakayotupa. Alifundishwa na makocha wa nchi nne au tano namna ya kukaa kati ya mabeki wawili. Siku akistaafu tutamfanyia mechi ya kumuaga, tutampa ngao, tutapiga picha, kisha? Mimi naomba TFF na klabu waanze kuzungumza naye sasa, angali anacheza, aanze leseni kidogokidogo kama anataka. AFCON 2027 tunaiandaa sisi na Kenya na Uganda. Tutaingia moja kwa moja kama wenyeji. Nani atakuwa anawafundisha Mzize na wenzake kumalizia?

#12

Mkuu, Mbagala kuna straika mwingine wa zamani anafundisha vijana bure, Jumamosi asubuhi. Yeye anatumia matairi ya gari badala ya kandambili. Nimwombe ruhusa niweke video?

#13 (mleta uzi)

Mwombe mkuu, akikubali weka. Na wengine wa Kinondoni, Ilala, Ubungo, Kigamboni, kama mnamjua mchezaji wa zamani wa mbele anayefundisha madogo, wekeni uwanja na siku, majina tuyaache hadi wenyewe waridhie. Nitazikusanya zote kwenye post ya kwanza. Humu wamo viongozi wa klabu wanaosoma kimyakimya, wakitaka kumtafuta mtu wasiseme hawajui pa kuanzia.